Kwa Nini Ramani ya Karatasi Bado Iko Mezani

Mwaka 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza kuzunguka kata za mabondeni jijini, Tandale, Kigogo, Magomeni na nyinginezo, wakiweka kwenye ramani mitaro, vichochoro na nyumba. Mradi huo, Ramani Huria, haukukosa vifaa vya kisasa: simu, GPS, hata ndege zisizo na rubani za kupiga picha mapaa kutoka juu. Hata hivyo, waliokuwa wakiruka madimbwi walishika pia kalamu na karatasi iliyochapwa ramani.

Karatasi yenyewe ina ujanja. Kwenye kona yake kuna alama ya QR. Tuseme mjumbe wa shina anasema eneo lake linaishia kwenye mwembe, si barabarani. Kijana anauchora mpaka palepale kwa kalamu. Jioni ukurasa unapigwa picha na kuingizwa kwenye kompyuta. Programu inaisoma alama, inatambua kipande hicho ni cha wapi duniani, inainyoosha picha iliyokaa upande, kisha inaitandika chini ya ramani ya mtandaoni ya OpenStreetMap ili mchoraji afuatishe mistari. Aliyebuni njia hiyo ni Michal Migurski wa San Francisco, mwaka 2009, mtu aliyekuwa akiishi kwa kompyuta na bado akaona kalamu haina mpinzani.

Sababu za haraka kila mtu anazijua. Jua la saa saba hukifanya kioo cha simu kisisomeke, chaji huisha, na kupita uchochoroni na simu ya bei mkononi ni kuwakaribisha vibaka. Lakini hata tungekuwa na simu zisizoisha chaji na mitaa isiyo na vibaka, naamini karatasi ingebaki. Itandaze juu ya meza ya ofisi ya serikali ya mtaa, watu saba wataiona kwa pamoja. Mzee ataweka kidole: maji ya mafuriko ya Desemba 2011 yalifika hapa. Mama mmoja atakataa, atasema yalivuka, yakaingia mpaka nyuma ya msikiti. Kwa anayechora ramani ya mafuriko, ubishi huo ni taarifa ambazo setilaiti haiwezi kumpa. Ramani ya simu huvutwa na kukuzwa na mtu mmoja. Wengine wote wanachungulia begani.

Lipo pia suala la ukubwa, nalo ni hesabu nyepesi. Ramani za Kenya na Tanzania za kipimo cha 1:50,000, ambapo sentimita 1 ya karatasi ni nusu kilomita ya ardhi, zimegawanywa katika vipande vya dakika 15 za latitudo kwa dakika 15 za longitudo. Karibu na ikweta hizo ni kilomita 27 na ushei kila upande, hivyo ramani inachukua sentimita 55 hivi kwa 55. Kioo cha simu ya kawaida kina upana wa sentimita 7 na urefu wa 15. Kwa kipimo kilekile, simu inaonyesha kilomita za mraba 26. Karatasi inaonyesha zaidi ya 750. Ukitaka simu ikuonyeshe eneo lote hilo itabidi upunguze, na ukipunguza, programu inaficha majina ya vijiji, vijito na njia za miguu ili kioo kisijae. Basi unakuza, unapunguza, unakuza tena, na kila mara inakubidi ukumbuke kipande ulichokiacha.

Tofauti hiyo imewahi kupimwa mitaani. Mwaka 2008 mtafiti Toru Ishikawa na wenzake huko Japani walichapisha matokeo ya jaribio la kuwatembeza watu mitaani kwa makundi matatu: wenye kifaa cha GPS, wenye ramani ya karatasi, na waliopitishwa njia kwanza kwa miguu. Wenye GPS walitembea umbali mrefu zaidi na kusimamasimama zaidi kuliko makundi mengine mawili. Vifaa vya siku hizo vilikuwa na vioo vidogo, hilo tukubali.

Miaka tisa baadaye, timu ya Hugo Spiers wa University College London iliwaingiza watu 24 kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo na kuwapa kazi ya kutafuta njia katika mitaa ya Soho iliyoonyeshwa kwa filamu. Walipojitafutia njia wenyewe, hipokampasi ilichangamka kila walipoingia mtaa mpya, na ilichangamka zaidi mtaa ulipokuwa na njia nyingi za kuchagua. Walipofuata tu maelekezo ya kifaa, mchangamko huo haukuonekana. Hipokampasi ndiyo sehemu ya ubongo ambayo John O'Keefe, mwaka 1971, aligundua ndani ya panya chembe zinazowaka mnyama anapofika mahali fulani maalumu, ugunduzi uliomfikisha kwenye Tuzo ya Nobel mwaka 2014. Sisemi simu inaua ubongo. Magazeti yamelisema hilo kuliko ushahidi ulivyo. Jambo lenyewe ni dogo zaidi: simu inapokuambia pinda kushoto, hakuna swali lililobaki la kujibu. Karatasi haikuambii chochote. Haijui hata uko wapi, na kazi ya kujitafuta juu yake, mlima ule, daraja lile, reli iko mkono gani, ndiyo inayokufanya uijue nchi.

Mlima hasa. Ramani nyingi za zamani za Afrika Mashariki zilitengenezwa na idara ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1946 chini ya Martin Hotine kwa ajili ya makoloni. Ndege zilipiga picha zinazopishana, kila moja ikirudia zaidi ya nusu ya ile iliyotangulia. Ukiziangalia picha mbili kupitia kifaa maalumu, jicho hili picha hii na jicho lile picha ile, ardhi inainuka na vilima vinasimama mbele yako. Mchoraji alifuata umbo hilo na kuchora kontua, mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, kila futi 50 au mita 20. Mtu aliyezoea huziona kontua zilizobanana akajua hapo atapanda kwa mikono. Mshale wa bluu kwenye simu hautakuambia hilo mpaka umeshafika.

Karatasi nayo ina kasoro, na kasoro yake ni ya kisayansi kabisa. Nyuzi za selulosi zikinyonya unyevu hutanuka zaidi kwa upana kuliko kwa urefu, na kwa kuwa mashine ya karatasi huzilaza nyingi kuelekea upande mmoja, ramani iliyokaa Mombasa au Tanga hutanuka zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Upande wa sentimita 55 ukiongezeka nusu asilimia tu, ni karibu milimita 3, yaani mita 140 hivi ardhini. Ndiyo maana chini ya ramani kuna mstari wa kipimo uliogawanywa kwa kilomita. Mstari huo umechapwa kwenye karatasi hiyohiyo, kwa hiyo unatanuka pamoja nayo. Ukiikuza ramani kwenye mashine ya fotokopi, nao unakua. Maandishi ya 1:50,000 yanabaki yalivyo, na yanadanganya.

Kuikunja tena ni shida nyingine, hasa ukiwa umebanwa kwenye kiti cha daladala. Koryo Miura, mwanasayansi wa anga wa Japani, alitafuta mkunjo wa msambamba usio na pembe mraba, ambao ukishika kona mbili za mshazari na kuvuta, karatasi nzima inafunguka mara moja, na ukisukuma inajifunga. Mkunjo huo ulitumika kwenye ramani, na mwaka 1995 ukafungua paneli ya sola ya chombo cha Japani kilichokuwa kikizunguka dunia.

Atakayenunua ramani ya zamani ya 1:50,000, iwe ofisi za upimaji Nairobi au Dar es Salaam, asome kwanza maandishi madogo ya pembeni. Nyingi zimejengwa juu ya mfumo wa kupima mahali uitwao Arc 1960, uliotokana na upimaji wa meridiani ya 30 kutoka Afrika Kusini hadi Misri, kazi iliyokamilika mwaka 1954. Simu hutumia mfumo mwingine, WGS84. Namba za mahali ulipo zinazotolewa na simu zikiwekwa moja kwa moja juu ya ramani hiyo, alama itaangukia karibu mita 300 kusini ya pale ulipo, na kidogo mashariki. Kwenye karatasi hizo ni milimita 6, zinazotosha kukuweka ng'ambo ya mto. GPS nyingi za mkononi zina sehemu ya kuchagua Arc 1960 kwenye mipangilio. Isipokuwepo, sogeza alama yako milimita 6 juu na 2 kushoto, kisha tazama kama mto uko upande unaouona.