Ukitaka Kuielewa Raga na Kriketi, Acha Kuufuata Mpira

Jicho lililolelewa na soka lina tabia moja: huufuata mpira. Mpira ukienda pembeni, nalo laenda. Ukiingia eneo la hatari, moyo unaanza kudunda. Tabia hiyo inatufaa kila tunapotazama Ligi Kuu ya Uingereza au mechi ya Simba na Yanga, lakini ndiyo inayomfanya mpenzi wa michezo akae nusu saa mbele ya raga au kriketi, kisha abadilishe chaneli. Wengi hudhani kinachowashinda ni wingi wa sheria. Naamini kinachowashinda ni mahali wanapotazama.

Tuanze na raga. Sheria yake mama ni kwamba mpira haupasiwi mbele kwa mkono. Hupasiwa pembeni au nyuma, na ukitaka kuupeleka mbele una njia mbili tu: kukimbia nao au kuupiga teke. Basi mwenye mpira huwa ametangulia wote anaoweza kuwapa, na kila hatua anayopiga inamweka mbali zaidi na msaada. Kwa hiyo usimkazie macho yeye. Tazama nyuma yake: wanaomfuata ni wangapi, wamejipanga upande gani? Kisha tazama mstari wa walinzi. Mlinzi mmoja akichomoka peke yake, pengo aliloliacha ndilo litakalopitiwa.

Mkimbiaji akishaangushwa, watu hurundikana juu yake, na hapo ndipo mgeni hupoteza njia kwa kudhani ni vurugu tupu. Kumbe rundo lile lina utaratibu mkali. Aliyeangushwa lazima auachie mpira. Aliyemwangusha lazima amwachie na kujiondoa. Wanaofika lazima waingie kutoka upande wao, wakiwa wamesimama kwa miguu yao wenyewe. Anayekiuka hupewa adhabu, na mpinzani anaweza kupiga mkwaju wa penalti wa pointi 3. Kinachogombewa pale, zaidi ya mpira wenyewe, ni muda. Mpira ukitoka upesi, walinzi watakuwa bado wanarudi kujipanga. Ukikawia, ukuta utakuwa umesimama tena. Tazama marundo kadhaa mfululizo ukijiuliza swali hilo moja tu, mpira umetoka upesi au umekawia, na utashangaa jinsi unavyoanza kuuona mguso, yaani bao la raga, kabla haujafungwa.

Msaada mwingine ni refa. Katika mechi kubwa za televisheni refa wa raga huvaa kipaza sauti, na anawaeleza wachezaji kosa ni lipi huku mchezo ukiendelea. Msikilize. Hakuna mwalimu bora kuliko yeye, na utasikia pia jinsi majitu yenye kilo 120 yanavyomwitikia kwa adabu. Ningependa sana kuyaona hayo katika viwanja vyetu vya soka.

Raga kamili ina wachezaji 15 kila upande na huchukua dakika 80. Kwa anayeanza, napendekeza ile ya wachezaji saba: nusu mbili za dakika saba saba, uwanja ni uleule, nafasi ni tele, na kila pengo linaonekana. Tena ndiyo raga ambayo Kenya ilijijengea jina. Tarehe 17 Aprili 2016, huko Singapore, timu ya taifa ya Kenya, Shujaa, chini ya kocha Benjamin Ayimba na nahodha Andrew Amonde, iliifunga Fiji 30-7 katika fainali na kutwaa taji lake la kwanza kwenye msururu wa dunia. Fiji hao hao walichukua dhahabu ya Olimpiki miezi michache baadaye.

Matokeo hayo yanafaa kusomwa taratibu. Mguso mmoja ni pointi 5: mchezaji anavuka mstari wa mwisho na kuugandamiza mpira chini. Baada ya mguso kuna mkwaju wa pointi 2, unaopigwa kutoka usawa wa mahali mpira ulipogusishwa. Fiji walipata mguso na mkwaju wake, yaani 7. Kenya walipata 30 kwa miguso 6 bila mkwaju hata mmoja kuingia. Ndiyo maana utamwona mkimbiaji aliyekwisha kuvuka mstari bado akikata kona kuelekea katikati ya milingoti ya goli: anampunguzia kazi mpigaji.

Kriketi inataka subira ya aina nyingine, na hapa jicho la soka halifai kabisa, kwa sababu mpira hauelekei goli lolote. Mrushaji anaurusha, mpigaji anaupiga kwa gongo lake bapa au anauzuia usivigonge vijiti vitatu vilivyo nyuma yake, kisha kila mtu anarudi mahali pake. Mipira sita ni ova moja. Mpigaji akiweza kubadilishana upande na mwenzake, wamepata mbio moja. Mpira ukibiringika hadi nje ya mpaka ni mbio 4, ukivuka hewani ni 6.

Cha kutazama ni ubao wa matokeo. Timu inayopiga ina akiba mbili, mipira na wiketi, na haziishi kwa kasi moja. Katika mechi ya ova 50 ina mipira 300. Katika ile fupi ya ova 20 ina mipira 120. Wiketi ni 10 tu, na kila mpigaji anayetolewa hupunguza moja. Anayepiga kwa nguvu anaokoa mipira lakini anahatarisha wiketi; anayejilinda anatunza wiketi huku mipira ikiyeyuka. Kila uamuzi uwanjani unatokana na hesabu hiyo.

Mfano wa kwanza: tarehe 24 Februari 2003, Nairobi Gymkhana, Kombe la Dunia la kriketi. Kenya iliyoongozwa na Steve Tikolo ilipata mbio 210 kwa mipira 300. Ni chache, hata mbio moja kwa kila mpira hazikufika. Sri Lanka, mabingwa wa dunia wa 1996, hawakuhitaji kukimbizana. Mipira walikuwa nayo ya kutosha. Walichokosa ni wiketi. Collins Obuya, mrushaji anayeuzungusha mpira kwa kifundo cha mkono, aliwatoa wapigaji watano kwa mbio 24 tu, na Sri Lanka wakaishia 157 mipira ingali imebaki. Kenya ikasonga hadi nusu fainali mjini Durban, ikatolewa na India. Ni kweli kwamba njiani ilipewa pointi za bure, New Zealand ilipokataa kuja Nairobi kwa hofu ya usalama. Lakini Sri Lanka, Bangladesh na Zimbabwe walishindwa uwanjani.

Mfano wa pili uko Uganda. Juni 2024 timu yao ilicheza Kombe la Dunia la ova 20 kwa mara ya kwanza, na huko Guyana ikaishinda Papua New Guinea. Frank Nsubuga, mwenye miaka 43, alirusha mipira 24 akaruhusu mbio 4 tu na kupata wiketi mbili. Mgeni angesema muda wote huo hakuna lililotokea. Lakini Nsubuga alikuwa amewanyima wapinzani moja ya tano ya mipira yao yote. Papua New Guinea waliishia 77; Uganda walifika 78 wakiwa wamepoteza wiketi saba. Kwa mechi ya tofauti ndogo kiasi hicho, mipira ile 24 iliyoonekana mitupu ndiyo iliyoamua.

Yapo mengi ya kujifunza baadaye, kama skramu, au kriketi ya siku tano inayoweza kwisha bila mshindi. Yasikutishe. Kinachonisikitisha ni kwamba kriketi ya Kenya ilififia baada ya 2003, wakati ambapo umati ulikuwa ndio kwanza umeanza kuielewa. Kwa raga bado mlango uko wazi: mashindano ya raga ya saba huzungushwa mijini, Driftwood kule Mombasa, Prinsloo kule Nakuru, Dala kule Kisumu, na huko jirani yako jukwaani atakueleza hata kabla hujauliza. Kwa kriketi, nenda Gymkhana ya Nairobi au Lugogo mjini Kampala siku ya mechi ya klabu, umtafute anayeandika matokeo. Kila mpira unaorushwa una alama yake daftarini, hata ule usiozaa mbio. Keti karibu naye kwa ova kumi, ukilinganisha anachoandika na ulichokiona.