Giza la Saa Sita

Picha ya mchoraji Rembrandt iitwayo Misalaba Mitatu huwekwa katika fungu la picha zilizochorwa kwa asidi, lakini asidi haikuhusika. Katika njia ile, bamba la shaba hupakwa nta, msanii huchora juu ya nta, kisha asidi hula shaba iliyoachwa wazi. Hapa Rembrandt aliikwaruza shaba yenyewe kwa sindano na patasi. Sindano ikipita hutifua ukingo mwembamba wa shaba kandokando ya mfereji wake, kama jembe linavyotifua udongo. Ukingo huo hushika wino mwingi, na kwenye karatasi mstari hutoka mzito na laini kama mahameli. Tabu ni kwamba kila nakala inayopita kwenye mashine huulaza kidogo, na baada ya nakala makumi machache mahameli imekwisha.

Ndiyo maana wengi husema Rembrandt alilirudia bamba hili kwa sababu lilikuwa limechoka, naye alihitaji nakala za kuuza. Kuchoka kweli lilichoka. Lakini anayetaka kuliokoa bamba hupitisha chombo mlemle katika mistari ya zamani. Rembrandt alikwangua watu akawafuta. Katika hatua tatu za kwanza za bamba, yaani hali zake baada ya kila marekebisho, nuru inamwagika kutoka juu, na akida wa Kirumi, yule aliyemtukuza Mungu Kristo alipokufa, amepiga magoti mbele ya msalaba, mikono ameitandaza. Hatua ya tatu ina sahihi na mwaka, 1653. Yaani mwenyewe alikwisha kuihesabu kuwa kazi kamili. Katika hatua ya nne akida yule hayupo tena mahali pake, na mpandafarasi mwenye kofia ndefu, aliyechukuliwa kutoka medali ya Pisanello, Mwitalia wa karne ya 15, anasimama akimkabili Kristo. Mistari minene inashuka kama mvua ya mshazari, ikiwafunika waliokuwa wakionekana.

Hoja yangu ni hii: uchakavu ulimpa nafasi, haukumpa wazo. Wazo limo katika Injili ya Luka, inayotaja giza tangu saa sita hadi saa tisa (Mswahili hana haja ya kuzigeuza saa hizo, ni adhuhuri yake ileile). Kwanza alichora imani ya akida, kisha akachora giza lenyewe. Baadaye bamba liliangukia mikononi mwa mchapishaji Frans Carelse, aliyeongeza jina lake tu.