Kifaranga Hasubiri Mteja: Niliyojifunza Kwa Kuuza Vifaranga WhatsApp

Siku hizi simu nyingi za vijana hazinifikii kwa ajili ya dawa wala chanjo. Wanauliza soko, na wengine wameshajijibu kabisa: "Mtaalamu, mimi nitauza mtandaoni." Sawa, wazo ni zuri. Mimi mwenyewe nje ya kazi ya ugani nina mashine ya kutotolesha ya mayai 300 hapa Morogoro, na vifaranga wangu wa chotara nawauza WhatsApp na Instagram, mwaka wa tatu huu. Leo naomba nikueleze hii biashara ilivyo ndani, maana kwenye status inaonekana rahisi sana.

Nianze na oda iliyonifundisha. Jamaa wa Dodoma aliona video yangu, akaandika: "Mkuu, niwekee 150, nachukua wote siku wakitoka." Sikumdai hata shilingi, nikaona nikidai atakimbia. Mayai 300 niliyanunua kwa 600 kila moja, jumla 180,000. Umeme, mafuta ya jenereta na chanjo vikafika 55,000. Wakatoka vifaranga 216, kwa hiyo kila mmoja alinigharimu kama 1,088. Bei yangu ni 2,000. Kwa wale 150 nilikuwa na faida ya 136,800, nikaanza hadi kuipangia kazi.

Siku ya siku ikafika, nikamwandikia. Tiki za bluu zipo, jibu hakuna. Nikapiga, inaita tu. Nikawaweka kwenye bruda nikijua kesho atajibu. Kesho ikawa siku tisa. Chakula kilo 18, mkaa, vitamini, chanjo ya kideri, jumla 64,800. Wakafa 11. Waliobaki 139 nilimwachia jirani kwa bei ileile ya 2,000, maana bruda lilikuwa limeshajaa. Piga hesabu mwenyewe: faida ya 136,800 ikabaki 50,000. Na hapo sijahesabu usingizi wa kuamka saa nane usiku kuongeza mkaa.

Ukiuza viatu mtandaoni na mteja akapotea, kiatu kinakaa kwenye boksi, mwezi ujao unauza kwa bei ileile. Kifaranga anapotoka kwenye yai anakuwa na kiini kilichobaki tumboni, kinachoweza kumlisha kwa siku mbili hivi, wakati mwingine hadi tatu. Ndiyo maana anaweza kusafiri bila kula. Huo ndio muda wako wa kuuza, hakuna mwingine. Ukipita, kila siku anakula hela yako.

Kwa hiyo oda ninazikusanya kabla, sisubiri vifaranga watoke. Mayai yanakaa siku 21. Siku naingiza mayai natangaza tarehe ya kutoka na kuanza kuandika majina. Siku ya saba napima mayai kwa tochi, natoa yasiyo na mbegu, hapo najua kwa kukadiria nitapata wangapi. Hapo ndipo naomba kianzio, nusu ya bei. Siku ya 18 nikiacha kugeuza mayai, nusu ya pili iwe imeingia, la sivyo nafasi naipa anayefuata kwenye orodha. Wakitoka pungufu, narudisha hela siku hiyohiyo. Usikae na hela ya mtu hata usiku mmoja, utaharibu jina.

Tatizo ni kwamba ukitaja kianzio tu, mteja anauliza: "Nitajuaje kama wewe si tapeli?" Usikasirike. Ana haki kabisa, watu wameibiwa sana mitandaoni. Mimi namwambia mahali nilipo, anayeweza aje mwenyewe au atume ndugu yake. Asiyeweza nampigia simu ya video nikiwa mbele ya mashine, aone mayai yalipo. Picha za kuokota Google achana nazo, mteja akizigundua hata vifaranga wako halisi hatawaamini. Weka na bei wazi. Hii tabia ya kuandika "njoo inbox" inachosha watu, na bado ukimtajia atakuuliza bei ya mwisho. Yule wa Dodoma naye alirudi mwaka huu, "bado wapo?" Nikamjibu wapo, nusu kwanza. Hadi leo sijamwona tena, na mashine ilijaa bila yeye.

Kwenye malipo nimeshapigwa mara moja. Ilikuwa Jumamosi stendi ya Msamvu, boksi la vifaranga 60 liko mlangoni mwa basi, konda anapiga kelele "twende, twende", mteja kwenye simu anasema ameshatuma. Ujumbe ukaingia kweli: umepokea 120,000. Nikaruhusu mzigo. Nimefika nyumbani, salio ni lilelile la asubuhi. Kuusoma ule ujumbe vizuri, ulitoka kwenye namba ya kawaida ya mtu, haukuja pale ambapo ujumbe wote wa miamala huwa unakuja. Tangu siku hiyo naingia kwenye menyu naangalia salio mwenyewe, hata konda apige kelele namna gani. Na mtu akikwambia "nimezidisha, nirudishie elfu hamsini", angalia salio kwanza. Kama kweli hela imeingia kwa makosa, mwambie aombe marejesho kwa mtandao wake wa simu, usimtumie mkononi.

Sasa usafiri, na hapa ndipo vijana wengi wanapofilisika. Nilituma vifaranga 100 mchana, boksi likawekwa kwenye buti chini ya mizigo. Walifika 63 wakiwa hai. Mteja alinitumia picha ya wale 37 wamepangwa chini sakafuni, sitaisahau. Hawakufa kwa njaa, ni joto na kukosa hewa. Tulikuwa hatujakubaliana nani anabeba hasara, nikalipa mimi, 74,000.

Sasa hivi natuma kwa basi la alfajiri tu. Boksi lina matundu pande zote, chini naweka maranda, maana gazeti linateleza na kifaranga anapanuka miguu. Konda namlipa juu kidogo ili boksi likae ndani na yeye, siyo kwenye buti. Napiga picha namba ya basi, narekodi video nikiwahesabu wakati nafunga, vyote namtumia mteja. Kila 100 naongeza wawili bure. Makubaliano yameandikwa kwenye WhatsApp kabla hajalipa: vifo vya njiani vinavyozidi hao wawili nabeba mimi kama amenitumia picha ndani ya saa moja tangu apokee, baada ya hapo ni malezi yake. Na usisahau kibali cha kusafirisha kutoka kwa mtaalamu wa mifugo wa eneo lako. Mzigo ukishikwa njiani, kifaranga hajui kama mnabishana na askari.

Kuna wateja watakaotaka "matetea tu". Waambie ukweli kwamba kwa chotara wa siku moja huwezi kuwatenga kwa macho, na kwa kawaida karibu nusu watakuwa majogoo. Kuna muuzaji atawaahidi matetea 100, waache waende. Miezi michache majogoo yatawika, na hao wateja watakukumbuka.

Jambo la mwisho halina gharama zaidi ya bando. Kila aliyenunua naandika tarehe yake kwenye daftari. Siku ya sita namtumia ujumbe: kesho kideri. Siku ya 13: kesho Gumboro. Nafanya hivyo kama afisa ugani, lakini biashara nayo inanufaika, maana kuku wake wakipona ananunua tena, wakifa atasema vifaranga wangu walikuwa wagonjwa. Mzunguko uliopita nilikuwa na oda tisa, sita ni za watu walioshanunua kwangu. Hao hata nikiwadai kianzio hawaniulizi kama mimi ni tapeli.