Shamba la Muleba na Tafsiri ya Katiba

Inapotajwa Katiba, fikra za wengi wetu hukimbilia Dodoma, kwa wabunge na mihula ya Rais. Ni nadra kuikumbuka katika kikao cha mirathi, pale binti wa marehemu anapoambiwa na wakubwa wa ukoo kwamba mwanamke hana kauli juu ya shamba. Ilhali moja ya tafsiri nzito za Katiba yetu ilitolewa hapa hapa Mwanza, katika Mahakama Kuu, mwezi Februari 1990, na chanzo chake ni shamba la urithi kule Muleba, ng'ambo ya ziwa.

Mama mmoja wa Kihaya alirithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake. Alipozeeka na kukosa wa kumtunza, Agosti 1988 aliiuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Kesho yake mtoto wa ndugu yake akafungua shauri. Alitegemea kanuni za mila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963, ambazo zilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo maishani mwake, si kuiuza. Mahakama ya Mwanzo ikamkubalia, ya Wilaya ikamkatalia, akakata rufaa mbele ya Jaji James Mwalusanya.

Hapa yafaa tuitazame asili ya jambo. Katiba ya uhuru ya 1961 haikuwa na sura ya haki za binadamu. Viongozi waliona ingekuwa kikwazo kwa serikali changa. Katiba ya 1977 nayo ilianza bila sura hiyo. Iliingizwa kwa marekebisho ya 1984, lakini mahakama zikazuiwa kubatilisha sheria kwa kuitumia hadi Machi 1988. Mama yule aliuza shamba miezi mitano tu baadaye. Subhanallah!

Ibara ya 13 ilikataza ubaguzi, ila katika orodha yake ya wakati ule neno jinsia halikuwamo. Liliongezwa mwaka 2000. Jaji hakukwama hapo. Aliisoma pamoja na mikataba ya kimataifa iliyoridhiwa na Tanzania, akaamua kuwa kanuni ile inabagua na kwamba mwanamke ana uwezo wa kuuza sawa na mwanamume. Wanaukoo wakitaka kulikomboa shamba, wamrudishie mnunuzi fedha yake, kama ilivyo mwanamume anapouza.

Muislamu hana la kushangaa hapo. Sura An-Nisaa, aya ya 7, ilikwishampa mwanamke fungu katika alichoacha mzazi, kiwe kichache au kingi, na fungu hilo ni milki yake kamili. Linalosikitisha ni wale wanaoswali safu ya kwanza, kisha shamba likitajwa wanakimbilia mila.

Wala tafsiri haikuishia hapo. Mwaka 2006, katika shauri la wajane wawili wa Kisukuma, Mahakama Kuu ya Dar es Salaam ilikiri kwamba kanuni zile zinabagua, lakini ikakataa kuzifuta, ikiona mila hazibadilishwi kwa hukumu. Katiba ni ile ile. Kwa maoni yangu, Mwanza ilisoma vizuri zaidi.

Familia ya Kiislamu ikifika mahakamani, swali la kwanza huwa marehemu aliishi vipi, kwa mila au kwa dini. Ndoa yake, ibada zake na maelekezo aliyoyaandika, vyote hupimwa. Mzee aliyegawa mashamba kimila maisha yake yote, akafariki bila kuandika neno, huwaacha mabinti zake wakitafuta majirani wa kuwatolea ushahidi.