Dawa ya saratani inapogusa moyo

Mama mmoja aliniuliza kliniki: "Daktari, hiyo dawa nyekundu mnayomtundikia mwanangu ni ya saratani. Mbona mnampima moyo?"

Aliuliza vizuri. Dawa hiyo, doksorubisini, huua seli za saratani, lakini kwa baadhi ya wagonjwa hudhoofisha misuli ya moyo, pengine miaka mingi baada ya matibabu. Wawili hupewa dozi sawa. Mmoja hubaki salama, mwingine anahema akipanda ngazi. Kwa nini?

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichukua seli za wanawake waliotibiwa saratani ya matiti, wakazirudisha kuwa seli shina, kisha wakazikuza ziwe seli za moyo zinazodunda kwenye kisahani cha maabara. Walipozitia dawa hiyo, seli za wanawake waliokwisha kudhurika moyo ziliumia zaidi. Walipochunguza jeni zipi zinafanya kazi na zipi zimetulia, napo wakaona tofauti.

Huo bado ni utafiti, si kipimo cha hospitalini. (Anayekuuzia sindano ya seli shina za kutibu moyo, usimpe hela yako.)

Kwako mzazi, usikatishe dozi kwa hofu; zungumza kwanza na daktari wa mtoto. Kipimo cha eko cha moyo afanyiwe kabla ya dawa na baadaye pia, hata akionekana mzima. Akivimba miguu au kuchoka haraka, mrudishe mapema. Na tunza karatasi yenye jumla ya dozi alizopata. Akiwa mtu mzima, daktari wake ataiulizia.