Tope la Barabarani: Kinachosamehewa na Kisichosamehewa

Maulamaa wa madhehebu ya Imamu Shafii wamelizungumza tope la barabarani katika mas-ala ya tohara na swala. Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, yaani 1277 Miladia) amelitaja katika Minhaj al-Talibin. Tope lenye yakini ya najisi husamehewa kwa kadiri ambayo aghalabu mtu hawezi kujikinga nayo, na kadiri hiyo hubadilika. Kinachosamehewa masika hakisamehewi kiangazi, na kilichorukia pindo la kanzu si sawa na kilichofika kwenye mkono wake. Ama tope linaloshukiwa tu, asili yake ni tohara.

Hukumu hii inamhusu sana mtu wa Magomeni. Anayekwenda msikitini mwezi wa Aprili akipitia Mapipa au Mwembechai ni nadra kufika bila kurushiwa maji na magari. Na katika maji hayo mna yaliyotoka vyooni, kwani wapo wanaoingoja mvua ili watapishe vyoo. Swala yake inasihi, wala asijitie wasiwasi.

Lakini, ndugu msomaji, tope la maulamaa wa Sham lilikuwa udongo, maji na kinyesi cha wanyama. La kwetu limeongezewa na barabara yenyewe. Mchanga hunywa maji, lami hainywi. Kila gari linalopita huacha chembe za tairi zenye zinki, vumbi la breki lenye shaba, na matone ya oili. Petroli yenye risasi iliondoka Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwaka 2006, lakini risasi iliyokwisha kuingia ardhini haiozi. Uchafu huu hulala juu ya lami kiangazi chote, na mvua ya kwanza ndiyo huuzoa, hivyo maji yake aghalabu huwa machafu kuliko ya mvua zinazofuata.

Uso wa barabara nao una athari. Sartor na Boyd walichunguza mitaa ya miji ya Marekani, na taarifa yao ya mwaka 1972 ilionyesha kuwa mitaa ya lami ilibeba uchafu zaidi ya ile ya zege kwa kiasi cha asilimia 80. Huku kwetu Barabara ya Morogoro ina zote mbili ubavu kwa ubavu: zege kwa mabasi ya mwendokasi yaliyoanza mwaka 2016, na lami kwa magari mengine. Walikuta pia kwamba vumbi laini kabisa lilikuwa kama asilimia 6 tu ya uzito wote, nalo limebeba zaidi ya nusu ya madini mazito. Ufagio huchukua mchanga wa kuonekana, ukaliacha hilo. Na kwetu hata huo mchanga mara nyingi hurundikwa ukingoni mwa mtaro, mvua ikaurudisha mtaroni.

Mitaro hiyo humwagia bonde la Msimbazi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na kila mto unapofurika Jangwani na Kigogo, maji yakiondoka hubaki tope majumbani. Bondeni humo humo hulimwa mchicha unaoliwa mjini.

Hapa ndipo wengi huchanganya mambo. Risasi na zinki si najisi. Mtu aweza kuifua kanzu yake, akaswali swala sahihi, na tumboni mwake mna sumu. Maulamaa walilijua jambo la namna hii. Udongo ni tohara, bali ndio tunaotayamamu nao, lakini kuula ni haramu kwa anayedhurika nao. (Na wanaouza udongo wa kula Kariakoo wanawajua wateja wao.)

Msamaha wa tope basi ni wa aliyerukiwa. Anayelitengeneza hana fungu humo. Anayetapisha choo njiani anaingia katika onyo la Mtume, rehema na amani zimshukie, kuhusu wanaojisaidia katika njia za watu. Fundi anayemwaga oili chafu mtaroni, kwa rai yetu, hayuko mbali naye, hata kama oili si najisi, kwa kuwa kanuni ya kuondoa madhara haikufungwa na najisi. Dumu moja lingemtosha, na oili chafu ina wanunuzi. Mradi wa bonde la Msimbazi ulioidhinishiwa dola milioni 260 mwaka 2022 utajenga daraja la Jangwani na kuchimba mto, lakini hautamshika fundi mkono. Na khadimu wa msikiti anayefagia mbele ya mlango, mchanga ule autie kwenye kiroba, asiusukumie mtaroni.