Herufi ni mali: Funzo la mbao za kompyuta kwa wenye simu wa Katandala

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

Siku matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne yanapotangazwa, nyumba nyingi za Katandala, mjini Sumbawanga, hazina utulivu. Baba aliyetoka kazini hajavua viatu, mama ameepua sufuria kabla ya wakati, na mtoto mwenyewe amekaa kimya pembeni. Wote wameinamia kioo cha simu moja. Kioo hicho hakionyeshi kitu ila kiduara kinachozunguka, na mara nyingine bando lililonunuliwa asubuhi hukatika kabla jina la shule halijaonekana.

Aghalabu lawama zote huelekezwa kwa mtandao. Husemwa kwamba mtandao uko chini, na mazungumzo huishia hapo. Lawama hizo zina haki yake. Lakini upo upande wa pili wa jambo hili ambao wengi wetu hatuufikirii, nao ni uzito wa kile kinachotumwa. Mkokoteni ukichelewa kufika sokoni, si lazima kosa liwe la barabara. Yawezekana mzigo ulipakiwa bila hesabu.

Maarifa ya kupunguza mzigo huo si mapya. Yalipatikana zamani, kwa watu waliotumia waya wa simu ya kawaida, mwembamba kuliko njia yoyote tunayoilalamikia leo.

UBAO NDANI YA SIMU

Mwezi Februari 1978, katika mji wa Chicago, Marekani, Ward Christensen na mwenzake Randy Suess walizindua ubao wa matangazo wa kompyuta. Theluji kubwa ya majira yale iliwafungia watu majumbani, nao wakautumia muda huo kuuunda. Kazi yake ilifanana na ile ya ubao wa ofisi ya kata: mtu hufika, husoma yaliyobandikwa, hubandika lake, huondoka. Tofauti ni kwamba huyu wa Chicago alifika kwa kupiga simu. Chombo kiitwacho modemu kiligeuza alama za kompyuta kuwa sauti, zikapita katika waya, na modemu ya upande wa pili ikazigeuza tena kuwa maandishi.

Ubao ule ulikuwa na laini moja tu ya simu. Mmoja akiwa ndani, wengine walisubiri nje, kama ndoo zinavyopangwa kwenye bomba moja la mtaa. Kwa hiyo kioo kilichochelewa kujaa kilimchelewesha msomaji, na kiliwachelewesha pia wote waliokuwa nyuma yake.

HESABU YA KIOO

Tufanye hesabu kidogo. Kioo cha kompyuta za wakati huo kilikuwa na mistari 25, kila mstari nafasi 80. Jumla nafasi 2,000. Modemu iliyotumika sana mwanzoni ilipitisha biti 300 kwa sekunde. Kila herufi ilihitaji biti 10, kwa hiyo zilipita herufi 30 kwa sekunde. Kujaza kioo kizima kulichukua sekunde 67, yaani zaidi ya dakika nzima. Modemu za biti 2,400 zilipokuja, kazi hiyo hiyo ilichukua sekunde 8 na kitu. Na aliyepiga simu ya mbali alilipa kwa kila dakika.

Wenye mbao hawakukaa kusubiri waya mpana. Walianza kuhesabu herufi kama mama wa nyumbani anavyohesabu vipande vya sukari.

Kwanza, walipunguza maneno. Mgeni alionyeshwa orodha ndefu ya huduma pamoja na maelezo yake. Mwenyeji aliyekwisha kuizoea aliruhusiwa kuizima, akapata mstari mmoja tu wa kuchagua. Wala hakulazimika kusubiri orodha imalizike. Alibonyeza herufi moja, kompyuta ikakatiza maelezo na kumpeleka alikotaka.

Pili, waliacha kuchora upya kisichobadilika. Tuchukue mfano wa saa iliyo pembeni mwa kioo. Kukiandika kioo kizima upya kwa sababu dakika moja imepita ni kutuma herufi 2,000. Lakini zilikuwapo amri fupi za kuiambia kompyuta ya msomaji ipeleke kishale mahali fulani. Amri ya herufi 7 na saa yenyewe ya herufi 5, jumla 12, zilimaliza kazi. Vivyo hivyo, kufuta mstari hakukuhitaji kutuma nafasi tupu 80. Amri ya herufi 3 ilitosha. Hata rangi zilikuwa na gharama yake, kwani kila badiliko la rangi lilikula herufi kadhaa. Mchoraji mwenye busara alibadili rangi pale tu palipohitajika.

Tatu, waligundua kwamba mara nyingine kikwazo kilikuwa nyumbani kwa msomaji mwenyewe. Kompyuta ilipokea herufi haraka lakini ikaziandika kwenye kioo polepole, kwa sababu kila herufi ilipitishwa katika ngazi nyingi za programu. Waandishi wa programu wakapata njia ya kuziweka moja kwa moja katika kumbukumbu ya kioo, na maandishi yakaanza kuruka. Modemu zilipozidi kuwa za kasi, kifaa cha kupokelea herufi nacho kilibadilishwa. Cha awali kiliweza kushika herufi moja tu, na nyingine ikija kabla ya ile kuchukuliwa, moja ilipotea. Kipya kilishika herufi 16 kwa pamoja.

KUPUKUCHUA KABLA YA SAFARI

Maarifa makubwa kuliko yote, hata hivyo, ndiyo yaliyotufaa sisi wa Afrika Mashariki.

Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, kwa hiyo ubao wa Chicago ulipoanza, mashine hizo zilikuwa adimu sana nchini. Mwaka 1984, Tom Jennings wa Marekani aliunda mtandao wa FidoNet, ambamo mbao zenyewe zilipigiana simu usiku, wakati gharama zilipokuwa nafuu, zikabadilishana barua zilizofungwa pamoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mpango wa ESANET ulitumia njia hiyo kuwaunganisha watafiti wa vyuo vikuu vya kanda yetu, vikiwamo vya Dar es Salaam, Makerere na Nairobi. Madaktari nao walikuwa na HealthNet, ya shirika la SatelLife lililoanzishwa na Dakta Bernard Lown. Shirika hilo lilirusha setilaiti yake mwaka 1993 ili habari za tiba zizifikie nchi zenye simu haba, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa zilizofaidika.

Watumiaji wa mitandao hiyo hawakusoma barua huku simu ikiwa wazi. Kompyuta ilizibana barua zote kuwa furushi dogo, ikalipokea kwa dakika chache, ikakata simu. Kisha msomaji alilifungua furushi, akasoma na kujibu kwa nafasi yake, bila senti kuhesabiwa. Kioo hakikuusubiri waya tena. Kilifunguka papo hapo, kwa sababu barua ilikuwa imekwisha kufika nyumbani.

Mkulima wa Ufipa hahitaji kufundishwa jambo hili. Anayepeleka mahindi sokoni kwa mkokoteni wa ng'ombe huyapukuchua kwanza. Magunzi hayana mnunuzi. Kuyabeba ni kuwatesa ng'ombe bure.

BARABARA PANA, MZIGO MZITO

Leo hali ni tofauti. Mwezi Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi ukiwa umefika Dar es Salaam, kama vile barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ilivyokuja kupata lami katika miaka ya 2010. Lakini barabara ilipopanuka, mizigo nayo iliongezeka: picha kubwa, video zinazojicheza zenyewe, na matangazo ambayo hakuna aliyeyaomba. Zamani mtu alilipia dakika. Leo analipia uzito. Vyote viwili hutoka katika mshahara ule ule.

Familia inaweza kuanza na hatua chache. Katika WhatsApp, zima upakuaji wa picha na video unaojiendesha, ili uchague mwenyewe unachokihitaji. Tumia kivinjari kinachobana kurasa kabla hazijafika kwenye simu, kama Opera Mini. Masomo ya watoto yapakue mara moja mahali penye mtandao mzuri, wayasome nyumbani bila bando. Na matokeo ya mtihani yatafute katika kurasa za Baraza la Mitihani lenyewe, ambazo ni majedwali ya maandishi, badala ya kupitia kurasa za watu zilizosheheni matangazo.

Wanaotengeneza kurasa za umma nao wana wajibu. Huduma ya fedha ya M-Pesa, iliyoanza nchini mwaka 2008, huenea hadi vijijini kwa menyu fupi za maandishi, ambazo hata simu ndogo ya tochi huzifungua mara moja. Tangazo la nafasi za kazi au la bei ya mbolea halina sababu ya kutanguliwa na picha kubwa ya ufunguzi wa mkutano. Kila picha ya namna hiyo hulipiwa na mwananchi wa Katandala, naye hakuulizwa.

Mtandao mzuri ni haki ya kudaiwa, na tuendelee kuudai. Lakini wakati tukiudai, tupukuchue kwanza mahindi yetu. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Katika bando, haba na haba hukimaliza.